Nambari Kumi na Moja Inaomba Karata

Juzi binti wa mdogo wangu alinijia na simu yake mkononi, amenuna kama mtu aliyenyang'anywa sahani ya wali. Alikuwa amejiandikisha kucheza poka huko mtandaoni, na mtandao umemgomea. Nikavaa miwani, nikasoma: huduma hii haipatikani mahali ulipo kwa sababu ya sheria za kamari. Akaniuliza, "Mama mkubwa, hii mashine imejuaje kwamba niko Garsen?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia, mwanangu, zamani hiyo mashine ilikuwa mimi.

Kumbe akaenda kuwatangazia wenzake, na sasa mmejaa barazani kwangu mnataka maelezo. Haya, kaeni. Lakini msinidai mpangilio. Mimi nimefanya kazi ya simu miaka mingi, na simu hazikulia kwa zamu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha jengo la posta, hapa hapa Garsen. Nilikuwa opareta. Simu za siku zile zilikuwa za kuzungusha mkono. Mteja akizungusha kule kwake, kwangu kinaanguka kifuniko kidogo cha shaba chenye nambari yake. Nachomeka plagi, nauliza anamtaka nani, nachomeka nyingine kwa anayetakiwa, nampigia kengele, wanaongea. Wakimaliza nachomoa na kukipandisha kile kifuniko kwa kidole. Ukikaa hapo mwaka mmoja unajua mji mzima: nani anaumwa, nani anaoa, nani anadanganya kwamba yuko Malindi na kumbe yuko nyuma ya soko.

Aliyenifundisha ni Bi Rukia, mama wa Kipini, mpole wa maneno na mkali wa macho. Mwezi wangu wa kwanza bwana mmoja wa mifugo aliomba nimuunganishe na mkewe wa Hola, nami nikamuunganisha na mkewe wa Tarasaa. Bwana akamwaga maneno matamu yote, akataja na zawadi anazoleta, kabla hajagundua anaongea na mwenye nyumba mwingine. Nilitaka kulia. Bi Rukia akaniambia, "Mwanangu, kabla hujaunganisha, taka jina. Wa kule na wa huku. Asiyejitaja usimpe laini, hata akikwambia ni nani wa nani."

Mengine nilijifunza kwa Fundi Charo, aliyepanda nguzo zote za Garsen. Ukisikia laini inakwaruza kama mtu anayepiga mswaki, aliniambia, usiniite, hao ni ng'ombe wanajikuna kwenye nguzo, ngoja waridhike. Ukisikia inakoroma, ni siafu ndani ya kisanduku. Na masika yakipamba moto, nyaya zikilowa, sauti za laini moja huvuja zikaingia nyingine, na vifuniko huanguka ovyo bila mtu kuzungusha. Hilo la mwisho mlikumbuke.

Sasa, wachezaji wenyewe. Walikuwa watatu. Barisa, dalali wa ng'ombe, Muorma wa hapa Garsen, mtu mrefu mwenye haya nyingi. Kazungu, Mgiriama mwenye duka Tarasaa, ambaye ujana wake aliutumia kubeba vinywaji katika jumba la kamari la watalii Malindi, na huko ndiko alikojifunza poka. Wa tatu Komora, Mpokomo, mwenye duka kijiji cha chini kwenye delta. Huyu alikuwa na kikohozi kikavu kisichomwacha, ukiinua simu unamjua kabla hajasema. Siku za gulio walikutana Garsen wakacheza nyuma ya ghala la Barisa. Mkewe Barisa alidhani wanapanga bei za mifugo.

Ikaja mvua ya El Niño. Nyinyi mnaisikia tu. Mto Tana haukupanda, ulitembea. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, na kila mtu akabaki juu ya kichuguu chake. Lakini nguzo nyingi zilisimama, na simu ikawa ndiyo barabara. Ndipo Kazungu akanipigia adhuhuri moja mji umelala, akasema, "Dada Zainabu, una karata?"

Nikamwambia hilo si swali la kumuuliza opareta wa serikali. Akasema yeye na wenzake wanakufa kwa upweke. Niwaunganishe wote watatu, nichanganye karata mimi, kwa sababu wao kwa wao hawaaminiani, kisha nimwambie kila mmoja zake, huku wengine nimewafungia swichi wasisikie. Nikakataa. Baada ya mvua nyingine nikakubali. Msinitazame hivyo, mimi sikucheza, niligawa tu! Waliwekeana dau la sukari, betri na mafuta ya taa, vitu ambavyo havikuwa vikipatikana. Nilikuwa hodari. Nilikaa na pakiti mapajani, napiga swichi na kunong'ona: Barisa, una bibi wa kopa na ghulamu. Kazungu, una ree ya shupaza, acha kucheka, utasikika. Komora akikohoa najua karata zake mbovu.

Kisha maji yakaifikia delta kweli kweli. Komora aliwaleta mkewe na watoto kwa mtumbwi mpaka shuleni Garsen, kwenye mwinuko, walikokusanyika waliohama. Akarudi peke yake kuinua bidhaa zake darini, akamwambia mkewe asimngoje siku mbili tatu. Hakurudi. Watu walikuta mtumbwi umepinduka kwenye matete. Mwili haukuonekana. Fundi Charo akaenda na mashua ya misaada, akarudi akasema nguzo za laini ya Komora, ile ya kumi na moja, zimelala chini na duka limefunikwa hadi paa. Kaka yake Komora akasomesha khitma ya kumwombea.

Wale wawili wakakaa kimya, halafu wakarudia mchezo. Kazungu aliniambia wanafanya hivyo kwa sababu wakinyamaza wanamfikiria. Nikawagawia. Adhuhuri, jua hakuna, mvua nyepesi juu ya mabati. Nikampa Barisa zake, nikampa Kazungu zake, na kifuniko cha kumi na moja kikaanguka.

Nikakipandisha. Maji tu, nikajisemea, Charo alishanifundisha. Kikaanguka tena. Mara ya tatu nikachomeka plagi kwa hasira, ile hasira ya mtu anayetaka kujionyesha haogopi. Nikasikia maji. Si mkwaruzo wa laini, maji yanayotembea, polepole, kama ndani ya chombo. Nikasahau mafunzo yote ya Bi Rukia, sikutaka jina. Kikohozi kikavu. Kisha, "Mimi je? Nigawie."

Niliogopa. Nywele zilinisimama chini ya mtandio. Swichi zilikuwa wazi, na wale wawili wakasikia vile vile.

"Dada," Barisa akasema, sauti imepungua, "mtu iko ndani ya laini."

"Ni Komora!" Kazungu akapiga kelele. "Jamani, ni Komora huyo! Mimi simo, mama, mimi simo!" Akatupa simu.

Barisa alisema astaghfirullahi mara nyingi, akakata. Jioni ile ile aliapa kwa msahafu kwamba hatashika karata tena maishani. Kazungu, nilisikia baadaye, alimwendea mganga akapewa hirizi, akaifunga kwenye mkono wa simu.

Fundi Charo alitafuta sababu kama kawaida yake. Alipima laini, akakuta kumi na moja imekufa. Haina uhai wowote kuanzia kisanduku cha kwanza. Akakuna kichwa, akasema labda sauti inavuja kupitia laini ya Tarasaa, maana nyaya zilipita nguzo moja kabla ya kuachana. "Inavuja kutoka wapi, Charo?" nikamuuliza. "Kwa nani?" Alikwenda kuchemsha chai, na Charo hakuwa mtu wa kuchemsha chai.

Tukajaribu. Nilichomeka kumi na moja peke yake, kimya. Nilimuunganisha Barisa na Kazungu kwa salamu tu, walipokubali kwa shida, kimya. Iliitika mara ile tu karata zilipogawanywa.

Mji mdogo hauna siri. Siku ya pili alikuja Hawaa, mke wa Komora. Alikuwa na matope hadi magotini, amejifunga leso mbili zisizofanana. Alikaa kwenye benchi la wateja, hakulia, akanieleza shida yake kama mtu anayenunua stempu.

"Dada, shemeji yangu amesoma khitma, watu wamekula, wameondoka. Nikaenda kwa sheikh kumuuliza kama nikae eda. Akaniambia khitma ni dua, dua haina kosa, lakini eda huanzia siku ya kufa. Siku yenyewe iko wapi? Shahidi yuko wapi? Akasema nisubiri. Nisubiri mpaka lini hajui." Akaunyosha upindo wa leso. "Kama mimi ni mke, mume wangu yuko wapi? Kama mimi ni mjane, tangu lini? Wanawake wa pale shuleni hawajui waniletee pole au waniulize habari zake. Hata kula nao sijui nile vipi."

Nikamwambia yanayosemwa ni mambo ya kuogofya, huenda ni jini anayeigiza sauti ya marehemu.

"Hata akiwa jini," akasema. "Sikuja kumrudisha. Nataka siku. Anipe siku niihesabu, miezi yangu minne na siku zangu kumi, niikalie nyumba yake kwa heshima. Akinidanganya, Mungu atamuumbua."

Nitawaambia ukweli, nilimwonea uchungu. Na kabla sijamjibu, bosi wangu wa Malindi akapiga.

Alikuwa mtu wa kanuni. Mteja mmoja alikuwa amelalamika kwamba kila adhuhuri laini za Garsen zimeshikwa, na bosi akajiingiza kwenye waya wa Tarasaa kusikiliza mwenyewe. Alinisema, nikasemeka. Akaniambia sheria ya kamari hairuhusu mtu kucheza popote apendapo, wala kwa chombo chochote apendacho, na kwamba betri na sukari ni kamari sawasawa na pesa. Kesho saa saba fundi ang'oe fyuzi za nambari zote tatu, zifungiwe mpaka atakapotoa ruhusa.

"Mbili, bwana," nikasema. "Wanaocheza ni wawili."

"Watatu," akasema. "Nimesikiliza mwenyewe wiki hii. Huyo wa tatu ana kikohozi, alikuwa anaomba karata. Nambari kumi na moja."

Nikashika ukingo wa meza. Yule bwana hakuwahi kufika Garsen, na Komora hakuwahi kumjua. Utamwambiaje bosi wako kwamba aliyekiuka sheria amesomewa khitma?

Na hapo nawaambia jambo moja, nyinyi mnaolaani mashine kwa kuwafungia. Sheria yenyewe siibishii. Nimesikia wanaume wakiweka rehani chakula cha watoto mbele ya masikio yangu. Ila anayefunga laini hajui laini ile imebeba nini kingine. Mimi nilijua, na nilikuwa na muda mpaka kesho saa saba.

Kesho yake Hawaa alifika mapema. Charo alisimama nyuma ya fremu ya nyaya, koleo mkononi, ameiangalia saa ya ukutani kana kwamba itamtukana. Nikampigia Barisa. Alikataa kabla sijamaliza.

"Dada, mimi naapa na msahafu. Hapana."

Hawaa akaninyooshea mkono. Nikamvalisha visikilizio vyangu, jambo ambalo Bi Rukia angenifukuzia kazi. Mimi nikabaki na simu ya akiba sikioni.

"Shemeji Barisa, ni mimi, Mama Mariamu. Naomba ucheze."

"Mama Mariamu, hiyo ni haramu. Na mimi nimeapa."

"Kiapo kina kafara yake. Utafunga siku tatu. Nitafunga pamoja na wewe. Leo cheza."

Nikaisikia pumzi ya Barisa. Mzee mzima, dalali anayebishana na jeshi zima la wanunuzi, alikuwa analia. "Sawa," akasema. "Sawa, mama. Mimi nacheza."

Kazungu alikuwa mgumu zaidi. Alisema mganga amemkataza kukaa karibu na maji, na simu hii ina maji ndani yake. Hawaa akamwambia, "Kazungu, umekunywa chai ngapi kwangu? Mume wangu alikuwa akikusubiri wewe kabla ya kula." Kazungu akasema, "Dada Zainabu, gawa haraka basi."

Nilichanganya karata. Nikampa Barisa zake. Nikampa Kazungu zake. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake, na mimi sikufunga swichi yoyote, maana hapakuwa na cha kuficha. Mvua ilikuwa imepungua nje. Kifuniko cha kumi na moja kikaanguka.

Nikachomeka. Maji. Kikohozi.

"Nigawie," akasema.

Nikamgawia. Nilizitaja karata zake moja moja kwa sauti, zilikuwa mbovu kuliko zote nilizowahi kugawa. Kisha nikamtazama Hawaa, nikamwashiria kwa kichwa.

Mnajua desturi yetu. Mke hamtaji mume kwa jina, humwita baba wa fulani, na Hawaa alikuwa ameishi hivyo tangu arusi yake. Lakini pale alivuta pumzi, akasema, "Komora."

Maji yaliacha kutembea. Sijui niwaelezee vipi. Ile sauti ya maji ilisimama kama mtu anayegeuka kusikiliza.

"Komora, mimi mkeo. Ilikuwa siku gani?"

Charo alikuwa ameliacha koleo likining'inia.

"Alhamisi," ile sauti ikasema. "Jua lilikuwa limetoka kidogo."

Hawaa akafumba macho. Hakumuuliza yuko wapi, wala kama aliteseka. Aliiweka ile siku mahali pake moyoni, niliona akiiweka. Kisha sauti ikaja tena, ya chini, ya mtu anayeuliza tu kwa mazoea.

"Nani anashinda?"

Nilitazama karata zake pale mapajani. Barisa ndiye aliyejibu.

"Wewe, Komora. Mimi naweka chini."

"Na mimi naweka chini," Kazungu akasema. "Umetupiga, ndugu yangu. Chukua vyote."

Akakohoa, na mimi naapa kile kikohozi kilikuwa na kicheko ndani yake. Maji yakaanza tena kutembea, yakaenda mbali, yakaisha. Saa ya ukutani ikafika saa saba. Charo akaja mbele, akaniuliza kwa macho, nikamwambia ang'oe. Alizing'oa fyuzi za Barisa na Kazungu. Kwenye kumi na moja hakukuta fyuzi. Iling'olewa siku ile ile alipokuta nguzo zimelala, na aliyeing'oa alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amesahau.

Hawaa alitoka akaenda kwa sheikh. Sheikh hakuikubali habari ya simu, na simlaumu, ningekuwa sheikh nami nisingeikubali. Lakini Hawaa alirudi shuleni, akavua bangili, akafuta wanja, akaomba pembe ya darasa moja, akatundika shuka na kuketi nyuma yake, akiihesabu eda kuanzia ile Alhamisi. Wanawake walisema amerukwa na akili. Barisa alifunga siku zake tatu, na kila magharibi akamtuma mtu apeleke tende nyuma ya lile shuka.

Maji yalipoanza kurudi mtoni, Barisa alinipitia posta akiwa na mchungaji wa Kiorma aliyetoka na ng'ombe kwenye miinuko ya huko chini. Alisema mchungaji huyu ana habari na anaona haya kuitoa mbele ya umati. Nikafunga ofisi, nikaenda nao shuleni, na sheikh akaitwa.

Mchungaji alichuchumaa mbele ya shuka, fimbo magotini, akazungumza na kitambaa.

"Mama, sisi tulikaa juu ya mwinuko na ng'ombe. Maji ililetea sisi mtu. Alikuwa amekufa. Hatumjui. Tulimvua hii," akatoa mfukoni kipande cha shati la mistari, "ndio watu wake wajue. Tukamwosha, tukamswalia, tukamzika."

Mkono wa Hawaa ulitokea chini ya shuka, ukalipokea lile shati la mumewe, ukarudi ndani. Sheikh akamuuliza mchungaji ilikuwa siku gani.

"Siku za mji mimi siwezi hesabu," akasema. "Lakini siku ile jua ilitoka kidogo. Na kesho yake sisi tuliswali Ijumaa hapo hapo juu, sisi peke yetu."

Sheikh akalitazama lile shuka kwa muda, kisha akaniangalia mimi, halafu akainamisha kichwa. Barisa alikuwa ameegemea ukuta, ameshika ndevu.

Nyuma ya shuka Hawaa akauliza, sauti yake shwari kabisa, "Mlimlaza ameelekea kibla?"

"Ndio, mama," mchungaji akasema. "Mimi mwenyewe nilimgeuza uso."

Hapo ndipo nikamsikia analia, kwa mara ya kwanza tangu mume wake aondoke, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.